Kujenga maktaba ya umma: kuanzia kiti cha msomaji hadi masika ya kwanza

Likitangazwa tu kwamba kata itajengewa maktaba, watu hutaka kuona mchoro. Nao mchoro haukawii: ghorofa moja, vioo vya buluu mbele, nguzo mbili nene mlangoni. Kiwanja hutafutwa baadaye, na mkutubi huitwa mwishoni kabisa kuulizwa rafu zikae upande gani. Nimewahi kukaa kwenye kamati ya namna hiyo. Jengo tulilolipata lina chumba cha kusomea ambacho kuanzia saa tisa alasiri hakikaliki kwa jua. Yakanunuliwa mapazia mazito, taa zikawa zinawashwa mchana, na bili ya umeme ikaanza kula fedha ya magazeti.

Hatua zinazofuata zinakwenda kwa mpangilio mwingine: kwanza msomaji, kisha kiwanja, kisha jua na mvua, na mchoro baada ya hapo. Nimeziandika nikiwa na miji ya Tanzania kichwani. Aliye Kenya, Uganda au Burundi atabadilisha majina ya ofisi. Kanuni za mvua na jua ni zile zile, ila vipimo vya jua apime vya kwake.

Hatua ya 1: Hesabuni viti kabla ya vitabu

Nendeni mkakae siku tatu katika maktaba ya mkoa iliyo karibu nanyi: Jumanne asubuhi, Jumamosi mchana, na siku yoyote ya Oktoba, wiki chache kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Hesabuni walioshika kitabu cha maktaba na walioshika daftari lao. Mara nyingi wa pili ndio wengi. Wamekuja na vitabu vyao na mitihani ya miaka iliyopita, wanatafuta meza, mwanga na utulivu, kwa sababu nyumbani chumba ni kimoja na televisheni iko humo humo. Mchoro unaotenga nusu ya jengo kwa rafu na kuwaachia hao viti thelathini umeshawakosa watu wake.

Kisha watafuteni wasiokuja: mama mwenye mtoto mgongoni, mzee aliyestaafu anayependa gazeti, fundi simu, kijana kiziwi, anayetumia kiti cha magurudumu. Hawa hamtawapata kwenye mkutano wa hadhara. Mtawapata saluni, kijiwe cha bodaboda, kliniki, msikitini na kanisani baada ya ibada. Wala msiwaulize kama wanataka maktaba, maana hakuna atakayesema hapana. Waulizeni: jana saa kumi na moja jioni mwanao alisomea wapi? Ukishuka daladala unapita njia ipi? Ukipata saa moja ya bure, ni saa ngapi ya siku? Jibu la swali hilo la mwisho ndilo litakaloamua kama taa za nje na mlinzi wa usiku ni anasa au ni lazima.

Majibu yanaweza kuonyesha kwamba jengo si hitaji la kwanza. Watu wakiwa wametawanyika, kitabu ndicho husafiri. Kenya walianza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia mwaka 1996. Kwenu huenda ikawa gari moja, au darasa la shule ya msingi linalofunguliwa jioni. Si aibu kuanza hivyo na kuacha jengo lisubiri.

Mkishajua watu wenu, pigeni hesabu. Vipimo ninavyotumia ni hivi: msomaji mtu mzima anahitaji mita za mraba 2.5 hadi 3, pamoja na meza yake na njia ya kupita nyuma ya kiti; mtoto, kama 2. Mita moja ya mraba ya eneo la rafu, pamoja na njia zake, hubeba vitabu takriban 100.

Chukulieni maktaba ya mji mdogo yenye viti 80 vya wakubwa, viti 40 vya watoto na vitabu 12,000. Wakubwa: mita za mraba 200. Watoto: 80. Rafu: 120. Kaunta na mahali pa kuachia mabegi: 30. Ofisi pamoja na chumba cha kupokelea na kukarabatia vitabu: 30. Stoo: 15. Ukumbi wa mikutano wa watu 60: 80. Vyoo: 35. Jumla ni 590. Ongezeni robo kwa ajili ya kuta na korido, mnafika karibu 740. Hiyo ndiyo namba ya kumpelekea msanifu majengo. Ndiyo pia namba ya kuiweka mbele ya halmashauri na kuuliza: jengo la ukubwa huu mtalisafisha, mtalilipia umeme na mtaliajiria watumishi kila mwezi? Wakisita, punguzeni sasa, wakati kupunguza bado ni kufuta kwa penseli.

Katika hatua hii hii andikeni barua kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na walio visiwani waende kwa Shirika la Huduma za Maktaba Zanzibar. Kazi ya huduma hii Bara ilianza kwa sheria ya mwaka 1963, kwa hiyo wanayo kumbukumbu ndefu ya majengo yaliyofaa na yaliyoshindikana. Mwombeni mkutubi mwenye uzoefu aingie kwenye kamati, awe na sauti sawa na mhandisi.

Hatua ya 2: Kiwanja

Hapa ndipo maktaba hufa au hupona, kwa hiyo msikimbie.

Kiwanja cha kwanza mtakachoonyeshwa ni kile ambacho hakuna aliyekitaka. Kitakuwa bondeni, au kando ya dampo, au kilomita nne nje ya mji, mahali ambapo mtaambiwa "mji unaelekea huko". Mji ukielekea huko kweli, utafika baada ya miaka ishirini. Watoto waliopo leo watakuwa wazazi. Kiwanja cha bure cha namna hiyo hulipiwa nauli na kila msomaji, kila siku, maisha yake yote.

Pimeni kwa miguu. Mtoto wa miaka kumi hutembea kama kilomita moja kwa dakika kumi na tano hadi ishirini. Chukueni ramani, wekeni ncha ya bikari kwenye kiwanja, choreni duara la kilomita moja, kisha hesabuni shule, soko, zahanati na vituo vya daladala vilivyomo ndani. Halafu tembeeni wenyewe, maana duara halioni korongo wala barabara kuu. Kiwanja kikiwa ng'ambo ya barabara ya malori isiyo na kivuko, nusu ya duara lenu si lenu. Kwa kifupi, mtu anayetoka sokoni na kikapu chake apite mlangoni pa maktaba bila kupinda njia. Maktaba Kuu ya Taifa, ambayo Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967, iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, katikati kabisa ya Dar es Salaam. Mtu wa Temeke na mtu wa Kinondoni wote wanaifikia kwa daladala.

Baada ya kufikika, kelele. Kitembeleeni kiwanja mara nne: Jumatatu asubuhi, siku ya gulio, usiku wa Jumamosi, na Jumapili kati ya saa tatu na saa sita. Kaeni nusu saa kila mara, mfumbe macho na kusikiliza. Gereji, mashine ya kusaga, baa na spika za ibada kila kimoja kina saa yake, na mwenye kiwanja hatakuonyesha saa hizo. Kelele za upande mmoja zinavumilika, kwa sababu upande huo unaweza kuwekwa stoo na vyoo. Zikiwa pande tatu, tafuteni pengine.

Kisha maji. Kiwanja kionwe masika. Mkilazimika kukiona kiangazi, msimsikilize dalali. Mtafuteni bibi aliyezaliwa mtaa huo, mumwulize maji hupita wapi mvua kubwa ikinyesha. Tazameni kuta za majirani: mstari wa rangi ya udongo unaonyesha maji yalifika kimo gani. Tazameni mimea, maana matete hayaoti pakavu. Bonde la Msimbazi pale Jangwani, Dar es Salaam, linajulikana nchi nzima kwa mafuriko, na bado kila mji una Jangwani yake ndogo ambayo mgeni haijui. Kitabu kikilowa maji ya mafuriko usiku mmoja, asubuhi kurasa zimeshikana, na siku chache baadaye ukungu umeshaota.

Chimbeni shimo la mita moja na nusu hivi. Udongo mweusi wa mbugani, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, utapasua na kuta zenu, msipokuwa na msingi wa gharama kubwa. Jazeni shimo hilo maji na mlirudie kesho yake. Kama maji bado yamesimama, karo la vyoo nalo halitanyonya, na mtakuwa mnaita gari la majitaka kila mwezi.

Kuhusu ukubwa: kwa jengo la chini la mita za mraba 740, ongezeni nusu yake kwa upanuzi wa baadaye, kisha kibaraza, karo, tangi la maji, maegesho machache, njia ya gari la zimamoto, na uwazi wa kupitisha upepo. Chini ya mita za mraba 2,500 mtabanana. Umbo nalo lina uzito. Kiwanja kirefu kutoka mashariki kwenda magharibi hurahisisha kazi, sababu zake zitaonekana kwenye hatua ya nne. Kama kuna mwembe au mwarobaini mkubwa, mwambieni msanifu mapema kwamba haukatwi. Kivuli chake ni chumba cha kusomea ambacho hamkukilipia.

Mkiwa na viwanja vitatu vya kulinganisha, toeni alama. Mimi hutoa 40 kwa kufikika kwa miguu na daladala, 25 kwa maji na udongo, 15 kwa kelele, 10 kwa umbo na mwelekeo, 10 kwa ukaribu wa umeme, bomba la maji na mkongo wa intaneti. Ila kiwanja kinachotuamisha maji hakiingii kwenye mashindano hata kikiwa katikati ya soko.

Hatua ya 3: Karatasi

Kwa ufupi, maana sehemu hii haina ujanja. Ahadi ya mdomo ya mwenyekiti wa mtaa si kiwanja. Takeni muhtasari wa kikao uliosainiwa, upimaji, vigingi vinavyoonekana ardhini, na hati yenye jina la halmashauri au la bodi, isiwe jina la mfadhili wala la mwanasiasa. Kama ni ardhi ya kijiji, mkutano mkuu wa kijiji lazima uwe umekubali. Hakikisheni mpango wa matumizi ya ardhi unaruhusu huduma za jamii pale, na kwamba hakuna upanuzi wa barabara utakaokata uwanja. Msanifu na mkadiriaji majenzi wawe wamesajiliwa na bodi yao, mhandisi na mkandarasi vivyo hivyo. Ramani zipite kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ulizeni mapema mamlaka ya mazingira ya taifa inahitaji nini, kisha ombeni kibali cha ujenzi. Wekeni nakala za kila karatasi sehemu mbili tofauti.

Hatua ya 4: Jua, upepo na mvua vichore jengo

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Mwezi wa Juni jua la saa sita mchana linakuwa upande wa kaskazini, kimo cha nyuzi kama 60 kutoka upeo wa macho. Desemba linapita karibu utosini, limeegemea kusini kidogo, nyuzi kama 73. Majua hayo mawili ni rahisi kuyazuia, kwa sababu yanatoka juu, na paa lililotokeza linatosha. Lisilozuilika ni jua la asubuhi kutoka mashariki na la alasiri kutoka magharibi. Hilo huja chini, sambamba na macho, na hakuna paa la kulikinga.

Kwa hiyo jengo liwe refu kutoka mashariki hadi magharibi. Madirisha makubwa yawe kaskazini na kusini. Kuta fupi za mashariki na magharibi zipewe stoo, vyoo, ngazi na matundu madogo tu. Hesabu ya paa ni nyepesi: upande wa kaskazini, kila mita 1 ya paa iliyotokeza inatia kivuli kama mita 1.7 za ukuta jua la mchana wa Juni. Upande wa kusini, mchana wa Desemba, kivuli ni zaidi ya mita 3. Maana yake upande wa kaskazini unahitaji paa lililotokeza zaidi. Mita 1.2 au 1.5 si kupita kiasi, na chini yake mnapata kibaraza.

Kwa walio pwani, mpangilio huo una zawadi ya pili. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, kusi kutoka kusini mashariki kuanzia Aprili hadi Oktoba hivi. Madirisha yakitazamana kaskazini na kusini, chumba hupata upepo mwaka mzima. Chumba kisiwe kipana sana, mita 12 kwa upande ni nyingi tayari, na katikati kusiwe na ukuta unaozuia. Matundu ya juu chini ya paa yatoe hewa ya moto, yawe na wavu wa mbu na wa popo pia, maana popo wakishaingia darini mtawasikia kwa pua. Walio Njombe au Mbeya wapunguze matundu. Baridi ya Juni huko haina mzaha. Walio Dodoma wapande miti ya kukinga vumbi upande unakotoka upepo kabla hata ya kuchimba msingi.

Mtaambiwa kiyoyozi kinamaliza yote hayo. Kiyoyozi kikiharibika ndani ya jengo la vioo visivyofunguka, jengo linafungwa. Wekeni pangaboi kila mahali, na kiyoyozi kwenye chumba cha nyaraka na cha mitambo tu.

Paa la bati bila dari nene lina shida mbili: joto la mchana, na mvua ambayo ikinyesha msimulizi wa hadithi hasikiki hata akipiga kelele. Kati ya bati na dari wekeni kizuizi cha joto na sauti, na dari isiwe chini ya mita 3.5 kwenye chumba kikubwa. Upande wa maji yenyewe: paa la mita za mraba 740 likipata milimita 10 za mvua hukusanya lita 7,400, na baada ya upotevu mnabaki na kama 6,000. Mifereji na matangi yawe kwenye mchoro tangu mwanzo.

Unyevu ni adui wa kimya. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 hivi kwa muda mrefu, ukungu unaota kwenye majalada. Rafu zisigusane na ukuta wa nje. Acheni sentimita 10. Ubao wa chini uwe sentimita 10 hadi 15 kutoka sakafuni, ili hata deki ya kila siku isilowanishe vitabu. Sakafu ya jengo iwe juu ya uwanja kwa angalau sentimita 45.

Ukitaka kuona haya yote katika jengo moja, tafuta picha za maktaba ya Muyinga, kaskazini mashariki mwa Burundi, iliyokamilika mwaka 2012 kama sehemu ya shule ya watoto viziwi. Wasanifu wake, BC Architects kutoka Ubelgiji, waliijenga na wenyeji kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa bila kuchomwa. Kuta hizo za udongo zinahitaji kukingwa na mvua, kwa hiyo paa lina mteremko mkali na limetokeza sana, na kibaraza kirefu kimetembea ubavuni mwa jengo, kama kibaraza cha nyumba za huko. Ndani, juu ya vichwa vya wasomaji, kumetandazwa wavu mkubwa wa kamba za katani, watoto wanalala humo na kusoma. Katani! Sisi wa Tanga na Morogoro tulipaswa kuwa wa kwanza kufikiria hilo.

Hatua ya 5: Ndani

Anzeni na kaunta. Maktaba nyingi za wilaya zina mtumishi mmoja au wawili kwa zamu. Mtu huyo, akiwa amekaa, aone mlango, sehemu ya watoto na sehemu kubwa ya chumba cha kusomea. Chochote kinachokata mstari huo wa macho, iwe nguzo au rafu ndefu, kinawadai kumwajiri mlinzi wa ziada. Kwa hiyo rafu ndefu za mita 2.1 zikae kando ya kuta za ndani, za katikati ziishie mita 1.5, na za watoto mita 1.2.

Karibu na kaunta pawe na visanduku vya mabegi vyenye namba. Maktaba zetu hazikubali mabegi ndani, ila wachoraji husahau, na mwisho wake ni kilima cha mabegi sakafuni na ugomvi wa nani kachukua la nani.

Kelele zipangwe kama mji unavyopangwa. Watoto wakae karibu na mlango na vyoo, wanafunzi wa mitihani mwisho kabisa, ukumbi wa mikutano katikati yao au pembeni. Ukumbi huo uwe na mlango wake wa nje, na vyoo vifikike kutoka pande zote mbili, ili kikundi cha akina mama kikutane Jumapili bila kufungua maktaba nzima. Kodi ndogo ya ukumbi inaweza kulipia magazeti.

Soketi ni suala la heshima. Wekeni kwa angalau nusu ya viti, kwenye meza zenyewe au ukutani kimo cha meza, wala zisiwe sakafuni penye deki. Msipoziweka, waya wa kuchajia utapita katikati ya njia. Kibaraza nacho kipate benchi, taa na mtandao unaofika nje. Maktaba ikifungwa saa kumi na mbili, wanafunzi watabaki pale hadi saa tatu usiku, na hizo ni saa tatu zaidi za maktaba bila mshahara wa ziada.

Njia kati ya rafu iwe mita 1.2, isipungue sentimita 90, na mwisho wa kila safu pawe na nafasi ya mita 1.5 kwa kiti cha magurudumu kugeuka. Mteremko wa mlangoni uwe 1 kwa 12: kila sentimita 10 za kupanda zinataka urefu wa mita 1.2. Jengo lililoinuliwa sentimita 45 linahitaji mteremko wa mita 5.4, ambao lazima upangwe mapema, la sivyo utaishia nyuma kwenye mlango wa stoo. Ukipita mbele ya maktaba ya McMillan mjini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, unaona nguzo, ngazi za mawe na masanamu ya simba. Ni jengo zuri, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Ngazi zile ziliisema habari hiyo kabla ya mlinzi kufungua mdomo. Mlango wenu na uwe usawa wa mtu anayekuja.

Vyoo: visiwe vya mwisho kwenye bajeti. Cha wasichana kiwe na maji ya uhakika, ndoano ya kutundikia begi na pipa lenye mfuniko. Kimoja kiwe kipana kwa kiti cha magurudumu. Nje, wekeni bomba la chini kwa wanaotawadha, ili sinki zisipandwe na miguu.

Mwanga wa mezani uwe luksi (kipimo cha mwanga) 300 hadi 500. Taa kwenye rafu zifuate urefu wa njia, zisikatize juu yake, vinginevyo nusu ya migongo ya vitabu itakuwa gizani. Rangi ya kuta mtajichagulia wenyewe.

Hatua ya 6: Uzito na mchwa

Karatasi ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Sakafu ya ofisi husanifiwa kubeba kilo kama 250 kwa mita ya mraba. Sakafu ya rafu za vitabu hufikia kilo 720, karibu mara tatu. Ndiyo maana jengo la ofisi lililoachwa wazi, ambalo mtapewa mkiambiwa "lipo tayari", haligeuzwi maktaba kwa kupaka rangi. Mhandisi alikague kwanza, hasa ghorofa ya juu. Kama mnajenga ghorofa, vitabu vikae chini na viti juu, na mhandisi apewe mpangilio wa rafu kabla hajahesabu nondo. Ushauri wangu ni msijenge ghorofa mkiwa na ardhi. Ngazi zinahitaji lifti, lifti inahitaji umeme na fundi kutoka mkoani.

Mchwa hudhibitiwa kabla ya jamvi, yaani zege la sakafu ya chini, kumwagwa. Dawa ya udongo ipigwe wakati msingi uko wazi, na mtu wa kamati awepo siku hiyo. Baada ya hapo mtakuwa mnakimbizana nao ukutani. Rafu za chuma ni salama kwa mchwa, ila pwani chumvi huzila, kwa hiyo ziwe zimepakwa rangi ya kuokwa kiwandani. Mninga mzuri unadumu, kama mnaumudu.

Hatua ya 7: Kamba, chokaa, mkandarasi

Mchoro wa awali ukija, msiukubali mezani. Nendeni kiwanjani na kamba na chokaa, mchore jengo lote ardhini kwa ukubwa wake halisi. Wekeni viti vya plastiki palipo meza. Mkutubi akae kwenye kaunta, watoto wakimbie kutoka mlangoni hadi chooni, mwenye kiti cha magurudumu azunguke. Fanyeni hivyo saa tisa alasiri. Makosa mengi hujionyesha ndani ya saa moja, na kuyafuta ni kazi ya ufagio.

Kabla ya kumwambia msanifu bajeti, ondoeni robo yake mkaifungie mahali pengine: samani, vitabu, kuunganishiwa umeme na maji, uzio, mtandao. Msipofanya hivyo, jengo litakamilika na kufunguliwa likiwa tupu. Iwe mnatumia mkandarasi au fosi akaunti (halmashauri kununua vifaa na kuajiri mafundi yenyewe) na mafundi wa mtaani, wekeni msimamizi asiyelipwa na anayejenga, na apige picha kila kitu kabla hakijafunikwa: nondo, mabomba, dawa ya mchwa.

Msipokee jengo kiangazi mkamaliza malipo yote. Mkataba uwe na fedha ya uangalizi, sehemu ya malipo inayoshikiliwa kwa miezi 12, na miezi hiyo iwe na masika nzima ndani yake. Mvua kubwa ya kwanza ikianza, mkutubi achukue chaki atembee vyumba vyote, chini ya dari, kwenye kona za madirisha, nyuma ya rafu, azungushie alama kila doa, aandike tarehe pembeni, na apige picha kabla halijakauka.